Kazi ya Mtandaoni Ukiwa Kijijini

Siku hizi kuna kazi ambazo mtu anaweza kuzifanya akiwa kijijini, na mwenye kazi yuko mbali, pengine hata ng'ambo. Kuandika mazungumzo yaliyorekodiwa. Kutafsiri. Kutunza hesabu za duka lililoko mjini. Kazi inakuja kwa intaneti na inarudi kwa intaneti.

Mzazi ukimwona mwanao ameshika simu mchana kutwa, unasema anacheza. Pengine anacheza kweli. Lakini pengine yuko kazini, na kinachomsumbua ni mtandao. Mwenye kazi hajui kwamba kwenu kuna mlima. Yeye anaangalia saa tu. Kazi ikichelewa mara mbili tatu, anatafuta mtu mwingine, na kijana anafunga mzigo kwenda mjini. Kwa hiyo somo hili si la vijana peke yao.

Kwanza tujue intaneti inatoka wapi. Sehemu kubwa ya intaneti ya nchi yetu hupita katika nyaya zilizolazwa chini ya bahari. Ndani ya nyaya hizo mna nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele, na habari husafiri humo kwa mwanga. Waya wa SEACOM ulianza kazi Dar es Salaam mwaka 2009. Wa EASSy ulifuata mwaka 2010. Toka pwani habari huenda mikoani, mpaka kwenye mnara. Toka mnarani mpaka kwenye simu yako hakuna waya tena. Hapo ni mawimbi ya redio.

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya hizo mbili zilikatika baharini, upande wa Msumbiji na Afrika ya Kusini. Mtandao ukawa mzito nchini kwetu na kwa jirani zetu. Siku ile hata aliyekaa chini ya mnara alihangaika. Basi usikimbilie kuilaumu simu yako.

Lakini mara nyingi shida yetu ya kijijini iko kwenye kile kipande cha mwisho, toka mnarani mpaka nyumbani. Mlima huyazuia mawimbi. Msitu huyapunguza nguvu. Bati nalo huyarudisha nyuma, ndiyo maana simu inashika vizuri uani na ndani haishiki.

Sasa chukua simu yako, uangalie juu ya kioo. Utaona vistari, na kando yake herufi. Watu wengi hutazama vistari tu. Soma na herufi! Ukiona E, huo ni mtandao wa zamani. Utatuma ujumbe, lakini faili kubwa litakulaza macho. Ukiona H au 3G, kazi nyingi zinafanyika. Ukiona 4G, ni vizuri zaidi. Vistari vyote vikijaa na herufi ni E, bado kasi ni ndogo.

Tembea na simu hiyo. Pima chumbani, dirishani, uani, na pale juu kilimani. Pima alfajiri, mchana na saa mbili usiku. Andika katika daftari. Utaona kwamba mahali pamoja panabadilika kwa saa. Sababu ni kwamba mnara ni kama bomba la maji la kijiji. Jioni ndoo ni nyingi, kila mtu anapata kidogo. Alfajiri bomba ni lako. Wenye kazi kubwa za kutuma huamka mapema, kama wakulima wengine.

Ukipata mahali panaposhika, si lazima ukae hapo. Iache simu dirishani, uiwashe igawe intaneti yake kwa kompyuta iliyo ndani. Wenyewe huita hotspoti. Ila mvua ya radi ikianza, teremka kilimani na uondoke chini ya mti. Hakuna kazi inayolipa maisha.

Laini je? Usichague kwa matangazo ya redio. Waulize majirani, kisha nunua bando la siku moja ujaribu. Anayeitegemea kazi hii awe na laini za makampuni mawili. Tena aulize kama makampuni hayo hayatumii mnara mmoja. Mengi hutundika mitambo yao pamoja, na umeme wa mnara ukizimika, laini zote mbili zinalala.

Penye mnara hafifu, fanya kazi bila mtandao. Pakua faili alfajiri, zima data, andika mchana kutwa, washa tena wakati wa kutuma. Na zima ile tabia ya simu kujipakulia picha, video na programu mpya. Bando huliwa na vitu hivyo huku wewe umelala.

Kama kijiji hakina mnara kabisa, jambo hilo lipelekwe kwenye serikali ya kijiji na kwa diwani. Upo Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2006, kwa ajili ya sehemu ambazo makampuni hayaoni faida. Mwezi Mei 2023 ilitiwa saini mikataba ya minara 758 katika kata 713. Ulizeni kama kata yenu imo.

Kuna pia intaneti ya setilaiti, ambayo haihitaji mnara. Kenya walianza kutumia Starlink mwaka 2023. Setilaiti zake huzunguka angani kilomita mia kadhaa juu yetu. Lakini chombo chake ni ghali, na sola ndogo ya kuwashia taa haikiwezi. Kabla ya kutoa fedha, uliza TCRA kama chombo hicho kinaruhusiwa.

Neno moja zaidi: anayekutaka ulipe kwanza ndipo akupe kazi ya mtandaoni, huyo ni mwizi.

ZOEZI
Mtu amenunua bando la GB 3 kwa wiki moja. GB 1 tuihesabu kuwa MB 1,000. Ana mikutano 4 ya saa moja moja. Mkutano wa video unakula MB 600. Wa sauti tupu unakula MB 40. Pia atatuma faili 20 za MB 5 kila moja.
1. Akitumia video, atabakiwa na MB ngapi?
2. Akitumia sauti tupu je?
3. Katika daftari lako, ni saa ngapi mtandao ulishika vizuri, na ulikuwa umesimama wapi?