Baada ya upasuaji: Mzee asilazwe mno, mzazi asiharakishwe



Familia nyingi hudhani mgonjwa akishatoka salama chumba cha upasuaji, kazi imekwisha. La hasha! Kidonda hufunga juu kwa siku chache, lakini ndani huchukua wiki nyingi, na umri na jinsia huathiri safari hiyo. Tuwatazame wagonjwa wawili: babu aliyepasuliwa ngiri na mama aliyejifungua kwa upasuaji.

Kwa mzee, ngozi hujijenga polepole, misuli imepungua, na moyo na mapafu havina akiba ya nguvu kama vya kijana. Akiwa na kisukari, kidonda huchelewa zaidi. Watoto, kwa heshima, humwambia: "Baba, wewe lala tu, kila kitu utaletewa." Heshima hii yaweza kumdhuru. Akilala mno, damu huganda miguuni, kohozi hutuama kifuani likaleta nimonia, na misuli huisha. Muinueni akae na atembee kidogo tangu siku ya kwanza, ila kama daktari amekataza. Asinyanyue mizigo kwa wiki 4 hadi 6. Kama kurukuu na kusujudu kunamuumiza, dini yetu imemruhusu aswali ameketi.

Mkojo ukimzuia, jambo linalowapata zaidi wanaume wenye tezi dume, arudishwe hospitali siku hiyo hiyo. Akianza kuweweseka au kutotambua watu, msikimbilie kusema ni majini. Maambukizi, upungufu wa maji na baadhi ya dawa za maumivu huvuruga akili ya mzee. Naye pia apelekwe hospitali haraka.

Kwa mzazi, kosa huwa kinyume chake. Kwa kuwa ni kijana, na kuzaa ni jambo la kila siku, watu husahau kwamba amepasuliwa tumbo na mji wa mimba. Kutembea ndani ya siku ya kwanza kunamfaa. Lakini ndoo za maji na masufuria makubwa avisubirishe wiki 6. Asinyanyue kitu kizito kuliko mtoto wake. Kumbukeni pia kwamba ananyonyesha, halali vizuri, na amepoteza damu. Apewe dagaa, maharage, mayai, mboga za majani na vidonge vya kuongeza damu alivyoandikiwa. Wengi huvumilia maumivu kimya kimya, hivyo mume asisubiri kuambiwa, aulize.

Kwa wote wawili, wahini hospitali mkiona homa, kidonda kutoa usaha au kuachia, mguu mmoja kuvimba na kuuma, au pumzi kubana ghafla. Kwa mzazi, ongezeni damu nyingi au uchafu wenye harufu mbaya.

Basi ukienda kumjulia hali mzee, mpe mkono atembee hatua chache uani. Ukienda kwa mzazi, mchotee maji.