Mtaa Ukiwa Gizani, Taarifa Ipelekwe Wapi?

Dar es Salaam jua huzama kati ya saa 12 na saa 1 jioni mwaka mzima, wakati daladala zikishusha watu wanaotoka kazini. Saa hizo taa isiyowaka, mtaro ulio wazi au kona iliyozibwa na vichaka inaweza kumvunja mtu mguu, au kumpotezea maisha. Wakazi tunalalamika sana, lakini malalamiko mengi huishia kibarazani au kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Ili kazi ifanyike, taarifa lazima imfikie mhusika, ikiwa kwa maandishi na ikionyesha mahali hasa.

Jua mhusika ni nani

Barabara kuu na za mkoa, kama Morogoro, Bagamoyo na Kilwa, ziko chini ya TANROADS. Barabara za ndani ya mitaa ni za TARURA, wakala ulioanza kazi mwaka 2017. Kwa mashimo, mitaro, taa za barabarani na vivuko vya pundamilia vilivyofutika, anza na mwenye barabara. Nguzo ya umeme iliyoinama au waya unaoning'inia ni suala la TANESCO. Bomba linalovuja na kula lami, au chemba ya majitaka isiyo na mfuniko, taarifa yake ipeleke DAWASA. Kibanda au ua unaoziba kona, mwone mtendaji wa mtaa. Ukishindwa kujua mhusika, ofisi ya serikali ya mtaa itakuelekeza.

Andika taarifa inayomfikisha fundi

"Taa za kwetu haziwaki" haimfikishi fundi popote. Andika hivi: "Taa tatu mfululizo haziwaki tangu Jumatatu, kuanzia nyumba namba 14 hadi kona ya msikiti, upande wa shule." Tumia vibao vya majina ya barabara na namba za nyumba vilivyowekwa katika operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022. Eleza nani hupita hapo na saa ngapi: wanafunzi alfajiri, bodaboda usiku. Piga picha mbili, moja ya karibu inayoonyesha tatizo na nyingine ya mbali inayoonyesha mahali lilipo. Usisimame katikati ya barabara kuzipiga.

Hatari isiyosubiri barua

Waya wa umeme ukianguka, usiuguse wala usikanyage maji yaliyo karibu nao. Zuia watu wasisogee, kisha piga simu ya dharura ya TANESCO, au Polisi namba 112. Shimo lililofumuka ghafla liwekeeni alama wakati taarifa ikienda. Tawi la mti tulilozoea kuweka halionekani gizani. Fungeni juu yake kitambaa cheupe au kitu kinachoakisi mwanga.

Fuatilia

Peleka barua nakala mbili, moja igongwe muhuri ubaki nayo. Andika tarehe na jina la aliyeipokea. Barua iliyosainiwa na majirani wengi ina uzito zaidi. Kimya kikizidi, peleka nakala hiyo kwa diwani na uliibue suala kwenye mkutano wa mtaa. Mitaro na mashimo yatolewe taarifa kabla ya masika ya Machi. Kazi kubwa, kama kufunga taa mpya, huhitaji bajeti. Kwa kuwa mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, hoja hiyo ifike halmashauri miezi mingi kabla. Fundi akishamaliza, pita hapo usiku uhakikishe.

Sisi wenyeji tumeshazoea kulikwepa shimo la mtaani kwetu hata gizani. Atakayetumbukia ni mgeni, mtoto anayekimbia, mzee au mtu asiyeona. Kwa kuwa wao hawajui kama lipo, kulitolea taarifa ni wajibu wetu tunaolijua.