Haki ya njia na mtoto wa madrasa

Simama siku moja alasiri kando ya barabara kubwa ya Dar es Salaam uwaangalie watoto wanaokwenda madrasa. Mtoto wa miaka saba, juzuu kwapani, anataka kupita. Njia ya miguu imeegeshwa gari, mbele yake mtaro hauna mfuniko, basi anashuka barabarani. Akigongwa tunasema ni kudura. Ni kweli, hakuna lipitalo bila ya kudura ya Allah, lakini aliyechora barabara ile naye alikuwa na hiari.

Masahaba walipomweleza Mtume (SAW) kuwa hawana budi kukaa njiani, aliwataka waipe njia haki yake, na katika haki hizo alitaja kuzuia maudhi. Katika hadithi nyingine iliyopokewa na Imam Muslim, amewaonya wanaojisaidia kwenye njia za watu au kwenye kivuli chao. Tazama vilivyowekwa pamoja: njia na kivuli. Sisi tukipanua barabara, tunaanza kwa kukata miarobaini na mikungu iliyokuwa ikimsitiri na jua mtu asiye na nauli.

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya Ulaya. Hapa hapa Dar es Salaam, shirika la Amend lina mpango uitwao SARSAI unaotengeneza njia za kwenda shule za msingi: matuta, vivuko, njia za miguu, vigingi vya kuzuia magari, na pengine kuhamisha geti la shule lisifungukie barabara kuu. Utafiti ulionyesha kuwa katika maeneo hayo watoto wanaojeruhiwa barabarani walipungua kwa asilimia 26 au zaidi. Mwaka 2019 mpango huo ulipata tuzo ya miji ya WRI Ross, ilipotolewa kwa mara ya kwanza. Hakuna barabara ya juu hapo. Ni saruji na rangi tu!

Siri kubwa ni mwendo. Gari la kilomita 60 kwa saa hubeba nguvu mara nne ya lile la kilomita 30, si mara mbili kama wengi wanavyodhani. Kibao cha kupunguza mwendo dereva anaweza kukipuuza. Tuta hawezi.

Lakini kabla ya kuinyooshea kidole halmashauri, tujitazame. Ijumaa, ni nani anayeziba njia ya miguu mbele ya misikiti yetu? Ni sisi wenye magari, tunaokimbilia safu ya mbele huku kipofu na mama mwenye mtoto mgongoni wakisukumiwa kwenye daladala. Kamati ya msikiti haihitaji bajeti ya serikali kuweka vijana wawili pale saa sita na nusu, na mawe manne yaliyopakwa chokaa.