Kudai Haki Si Kuomba

Ndugu Waislamu, mwenzetu akipunguzwa kazi huko Kitui au Makueni, mbali na jamaa zake wa pwani, huona haya kudai. Akanyamaa, na watoto wakalala na njaa. Haya hiyo si uchaji. Kulisha ahli ni wajibu wa mume, na ujira ni deni juu ya mwajiri.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 yampa aliyepunguzwa ilani ya mwezi mmoja, malipo ya likizo aliyoidai, na mshahara usiopungua wa siku 15 kwa kila mwaka alioutimiza. Akidhulumiwa, na amwendee afisa wa kazi kabla ya kupita miezi 3.

Yasipotosha hayo, zaka ni haki ya fakiri, wala si hisani ya tajiri. Basi mwenye mali asingoje kuombwa.