Tope Lililo Hai: Wanyama wa Sakafu ya Ziwa na Safari ya Kaboni

Kijitabu kwa wakazi wa mialo ya Homa Bay na Migori

Ziwa Victoria ni pana sana lakini si refu kwenda chini. Eneo lake linakaribia kilomita za mraba 68,800, ilhali sehemu yake yenye kina zaidi haifiki mita 90. Kwenye Ghuba ya Winam, inayogusa Kendu Bay, mji wa Homa Bay na Mbita, sehemu nyingi hazizidi mita 10. Kwa hiyo yanayotendeka topeni hayachukui muda kujulikana juu. Hujionyesha kwenye rangi ya maji, kwenye harufu ya asubuhi na kwenye kile kinachoingia nyavuni.

Hata hivyo, tukizungumza kuhusu ziwa huwa tunazungumza kuhusu samaki na gugumaji tu. Tope tunaliona kama jaa. Kijitabu hiki kinahusu wanyama wanaoishi ndani yake, na kazi wanayoifanya ambayo inagusa hata hali ya hewa.

Kaboni inashukaje?

Kaboni imo ndani ya makaa, ndani ya ugali, ndani ya omena na ndani ya miili yetu. Hewani huwa sehemu ya hewa ya ukaa. Mwani, yaani vimea vidogo vinavyoyapa maji ya ghuba rangi ya kijani, huivuta hewa hiyo na kujijenga kwa msaada wa jua. Mwani ukifa bila kuliwa huzama, pamoja na kinyesi cha samaki, majani yaliyoletwa na mito na mabaki ya gugumaji. Vyote hutua topeni.

Vikishafika huko, kaboni yake ina njia tatu. Palipo na oksijeni, bakteria na wanyama huvila na kurudisha hewa ya ukaa majini. Pasipo na oksijeni, bakteria wa aina nyingine huviozesha na kutoa methani, gesi ambayo kwa uzito uleule hunasa joto takribani mara 80 kuliko hewa ya ukaa katika kipindi cha miaka 20. Njia ya tatu ni kuzikwa: kaboni hufunikwa na tope jipya na kukaa huko kwa maelfu ya miaka.

Tunajua kwamba huzikwa kwa sababu watafiti wamechimbua mihimili ya tope kutoka katikati ya ziwa. Chini ya tope laini walikuta udongo mgumu uliowahi kupigwa na jua, ishara kwamba takribani miaka 15,000 iliyopita Ziwa Victoria lilikuwa limekauka. Kila kilichorundikana juu ya udongo huo ni kumbukumbu ya kilichoishi na kufa humu tangu maji yaliporudi.

Baharini kazi hii hufanyika kwa kiwango kikubwa zaidi. Ukitoka Lamu au Mombasa kuelekea mashariki, sakafu ya Bahari ya Hindi huteremka hadi maelfu ya mita, kusikofika jua hata kidogo. Makombo yanayofika huko ni machache, pengine sehemu moja kwa mia ya kilichotengenezwa juu, na yanapotua yanakuta jongoo bahari, minyoo na nyota za bahari wakiyasubiri. Wanayala, wanayafukia, wanayapitisha matumboni mwao tena na tena. Ziwani kwetu hakuna jongoo bahari, lakini kazi ni ileile.

Wafanyakazi wa topeni

Wa kwanza ni minyoo myembamba, jamaa wa nyungunyungu wa shambani. Wengi wao huzamisha kichwa topeni na kuacha mkia juu. Hula tope la chini na kulitoa juu, kwa hiyo tope huwa linapinduliwa bila jembe.

Wa pili ni mabuu wa wale wadudu wanaopaa ziwani kama wingu la moshi, hadi mtu aliyeko Rusinga au Sori akaona giza juu ya maji mchana. Wengi huwaona kama kero, wanaingia machoni na kwenye taa. Hawaumi. Wako wa aina mbili kubwa, na kila moja ina tabia yake.

Aina moja huishi ndani ya vijishimo topeni. Mabuu wake wengi ni wekundu, kwa kuwa damu yao ina kemikali inayoshika oksijeni kama ile iliyomo katika damu yetu, na hivyo huvumilia maji yenye hewa haba. Ndani ya kishimo buu hutikisa mwili wake bila kuchoka na kuyavuta maji ya juu yaingie. Maji hayo hubeba oksijeni hadi sentimita kadhaa chini ya uso wa tope, mahali ambapo isingefika yenyewe. Kando ya kishimo hustawi bakteria wanaokula methani kabla haijapanda, na mabuu wengine huwala bakteria hao. Kwa njia hiyo kaboni iliyokuwa imeshika njia ya kuwa gesi hatari hugeuka kuwa nyama ya mdudu, kisha nyama ya samaki.

Aina ya pili ina mwili unaopitisha mwanga. Mchana mabuu wake hujificha topeni wasionwe na samaki. Usiku hupanda kuwinda wanyama wadogo wa majini. Wakikomaa hutoka majini kwa wingi, hasa siku za mwezi mwandamo, jambo ambalo wachunguzi wa ziwa hili waliliandika tangu miaka ya 1950. Mamilioni wakipaa kwa pamoja, wanaondoka na kaboni, naitrojeni na fosforasi iliyokuwa topeni na kuipeleka nchi kavu, ambako huliwa na mbayuwayu, buibui na kuku wa uani. Binadamu pia wamo: kandokando ya ziwa hili na Ziwa Malawi watu wamewakamata wadudu hawa na kuwafinyanga kuwa mikate, na watafiti wa huku kwetu wameshajaribu kuwatia kwenye biskuti.

Kisha kuna ochong'a, uduvi mdogo ambaye wauza omena humkuta amechanganyika na mzigo. Hula mabaki yaliyotua chini, huvumilia oksijeni kidogo, na usiku hupanda. Mbuta wachanga humtegemea sana. Ochong'a huichukua kaboni iliyokwisha kufika sakafuni na kuirudisha juu, ndani ya mbuta, hatimaye hadi sahani ya Nairobi au ya Ulaya.

Konokono na kome nao wamo. Kome huchuja maji. Konokono hukwangua uoza juu ya mawe na tope. Kamongo huwasaga wote wawili kwa meno yake. Baadhi ya konokono hao ndio wanaobeba vimelea vya kichocho, kwa hiyo tunawataja kwa heshima na tahadhari.

Kazi waliyoiacha fulu

Hadi miaka ya 1970, uvuvi wa majaribio wa nyavu za chini ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya uzito wa samaki wa sakafu ya ziwa ulikuwa wa fulu. Zilikuwapo spishi zaidi ya 500, na nyingi zilikula tope lenyewe na mwani uliozama. Mbuta, aliyeletwa miaka ya 1950, aliongezeka ghafla mwanzoni mwa miaka ya 1980 na fulu wakapukutika.

Samaki walao tope walipoondoka, tope halikuacha kupokea makombo. Ochong'a ndiye aliyeyarithi. Idadi yake ililipuka miaka hiyohiyo. Mara nyingi kisa cha mbuta husimuliwa kama kisa cha samaki aliyemla mwenzake, au cha viwanda na dola. Tunadhani sehemu hii ya chini, ya nani alichukua kazi ya kula tope, ina uzito sawa.

Tatizo lingine lilianza kabla ya mbuta kuongezeka. Tope lililochimbuliwa linaonyesha kwamba mwani ulianza kuongezeka miaka ya 1930, kadiri mashamba na makazi yalivyopanuka na udongo kumiminikia ziwani. Upungufu wa oksijeni kwenye maji ya kina ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ushahidi mmojawapo ni vichwa vya mabuu vilivyobaki topeni: tabaka kwa tabaka, wale wanaohitaji hewa nyingi wanapungua. Kufikia miaka ya 1990, katika miezi ambayo maji hayachanganyiki, eneo kubwa la sakafu ya kina halikuwa na oksijeni ya kutosha samaki. Upepo wa kusi wa Juni hadi Agosti ndio huyakoroga maji na kuirudishia sakafu pumzi.

Sakafu isiyo na wanyama

Huhitaji kwenda mbali kuiona. Ziwa Simbi Nyaima, karibu na Kendu Bay, lina maji ya magadi na kijani kizito kinachowavuta heroe, lakini chini hakuna hewa, na hakuna mnyama wa kulipindua tope lake. Magharibi zaidi, kwenye mpaka wa Rwanda na Kongo, Ziwa Kivu lina kina cha karibu mita 485, na oksijeni haishuki zaidi ya takribani mita 65. Huko chini methani imejikusanya kwa wingi hadi Rwanda inaichota na kuzalisha umeme. Ni neema yenye hatari, kwa sababu watu wapatao milioni 2 wanaishi kandokando ya gesi hiyo.

Ziwa Victoria haliwezi kuwa Kivu; halina kina hicho na upepo hulikoroga. Lakini kila ghuba inayosongwa na uchafu husogea kidogo kuelekea huko. Tope lisilopinduliwa huhifadhi kaboni nyingi, ni kweli, ila pia hutoa methani nyingi na kuachilia fosforasi inayolisha mwani mpya. Ndiyo maana akija mtu mwaloni kuwauzia mpango wa "kaboni ya ziwa", muulizeni kwanza amepima methani vipi.

Yanayoliumiza tope letu

Mto Kuja huanzia milima ya Kisii na Nyamira, hupokea Mto Migori na kuingia ziwani Nyatike. Masika utauona umekuwa mwekundu. Udongo huo huwafukia mabuu na kuziba vijishimo vyao. Kwenye machimbo ya dhahabu ya Macalder na jirani zake, zebaki inayotumiwa kukamatia dhahabu nayo huishia topeni, na huko bakteria huigeuza kuwa sumu inayopanda kutoka mnyoo hadi samaki hadi kwa mama mjamzito. Mafunjo ya mdomo wa Kuja huchuja sehemu ya mzigo huu. Kuyakata na kuyachoma ni kuufungulia mlango.

Upande wa Homa Bay vizimba vya samaki vimeongezeka haraka. Chakula kisicholiwa na kinyesi huanguka mahali pamoja, na palipo na maji mafupi yasiyotembea, sakafu chini ya kizimba hugeuka nyeusi na kunuka. Mwishoni mwa 2022 wafugaji wa Kaunti ya Kisumu walipoteza samaki wengi vizimbani, na waliochunguza walikuta oksijeni imeshuka mno. Vizimba si adui. Viwekwe penye kina na mkondo, na vihamishwe ili sakafu ipumzike.

Uchimbaji wa mchanga ufukweni na majuya yanayokokotwa chini huharibu nyumba za wanyama hawa moja kwa moja. Majuya yamepigwa marufuku nchini Kenya, na kila mwalo unajua bado yanatumika usiku.

Jinsi ya kukagua tope la mwalo wenu

Vaa mabuti na glavu za mpira, kwa sababu ya kichocho. Kutoka kwenye mashua, shusha kopo lenye uzito penye mita 2 hadi 5 na upandishe tope. Litie kwenye ndoo, ongeza maji, kisha lichuje kwa kipande cha chandarua kuukuu ambacho hakikutiwa dawa.

Tazama kwanza rangi. Tabaka la juu la kahawia lina maana oksijeni inafika. Likiwa jeusi kuanzia juu na linanuka yai viza, haifiki. Kisha hesabu kilichobaki kwenye chandarua. Ukipata minyoo, mabuu, konokono na kome pamoja, sakafu ina afya. Ukipata minyoo na mabuu wekundu peke yao, kwa wingi, jua uchafu umezidi, kwa kuwa ndio wanaovumilia wenzao wanapokufa. Usipopata chochote, rudia mahali pengine kabla ya kushtuka, kwani mchanga mtupu pia huwa na wachache.

Fanyeni hivi mara mbili kwa mwaka, Machi kabla maji hayajakorogwa na Septemba baada ya kusi, mahali palepale. Andikeni tarehe, kina, rangi na hesabu kwenye daftari la kamati ya mwalo, na mpeni nakala ofisa wa uvuvi wa kaunti. Vizimba vikiombewa kibali jirani na mwalo wenu, lipelekeni daftari hilo kwenye kikao.