Maji ya Paa Lako Yanaenda Wapi? Somo kwa Mwenye Nyumba Kabla ya Mvua

Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita mraba 1 ni sawa na lita 1 ya maji. Kwa hivyo paa la mita 8 kwa mita 10 likinyeshewa milimita 25 hupokea lita 2,000, yaani mitungi 100 ya lita 20. Maji hayo ni lazima yaende mahali. Mwenye nyumba asipoyapangia njia, yatajitafutia yenyewe, na mara nyingi yatapitia kwenye msingi wake au ua wa jirani.

Sehemu nyingi za Kenya hupata masika kati ya Machi na Mei, na vuli kati ya Oktoba na Desemba. Wakati bora wa kukagua nyumba ni wiki chache kabla ya misimu hiyo, paa likiwa bado kavu na mafundi hawajalemewa na kazi.

Paa na gata
Mwenye nyumba aangalie mabati yaliyoshika kutu na misumari iliyolegea. Tundu dogo huozesha mbao za paa na dari muda mrefu kabla ya tone kuonekana sebuleni. Majani yaondolewe kwenye gata. Anayevuna maji ayaache ya kwanza yamwagike, kwa kuwa hubeba vumbi na kinyesi cha ndege, kisha afunike tangi vizuri ili mbu wasitage humo.

Kuta na msingi
Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ufa ukionekana, mwenye nyumba aweke alama ya penseli kwenye ncha zake na kuandika tarehe. Ukivuka alama hizo baada ya wiki kadhaa, nyumba inasogea, na kupaka rangi hakutasaidia. Huo ndio wakati wa kumwita mtaalamu wa ujenzi. Udongo unaozunguka nyumba uteremke kuelekea nje, ili maji yasituame ukutani.

Mtaro na jirani
Mtaro hauna faida ukizibwa hata mahali pamoja tu. Takataka zinazotupwa mbele ya lango moja hufurisha nyumba ya tatu au ya nne. Wakazi wa mtaa mmoja wakichagua siku moja ya kuzibua mitaro pamoja, kazi ya mwezi huisha asubuhi moja.

Maji taka
Wapo wanaosubiri mvua kubwa ndipo wafungue shimo la choo limwagike mtaroni, wakidhani mafuriko yatasomba kila kitu. Kinachosombwa hakipotei. Huishia kwenye visima na mito ambako wengine huchota maji, na ndivyo kipindupindu kinavyoenea. Shimo linyonywe na gari la maji taka kabla halijajaa. Mwenye nyumba za kupangisha asimwachie mpangaji jukumu hili.

Ujenzi wa ziada
Chumba kipya au ukuta unaojengwa juu ya mkondo wa maji hugeuza mafuriko kuwa mzigo wa mtaa mzima. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inamtaka mwenye ardhi apate idhini ya serikali ya kaunti kabla ya kuanza kujenga. Mchoro unapokaguliwa, mambo kama njia ya maji huonekana mapema, wakati kusahihisha ni kufuta mstari kwenye karatasi. Baada ya kujenga, kusahihisha ni kubomoa.

Maswali ya kujipima
1. Mvua kubwa iliyopita, maji ya paa yaliishia wapi?
2. Je, kuna ufa ambao umerefuka tangu mwaka jana?
3. Shimo la maji taka lilinyonywa lini mara ya mwisho?
4. Jirani wa upande wa chini angejibu nini akiulizwa kuhusu maji yanayotoka katika ua huu?

Swali la nne ndilo kipimo halisi. Mwenye nyumba mwenye bidii huweza kulinda kuta zake peke yake. Mwenye nyumba anayewajibika huhakikisha pia kwamba maji yanapoondoka kwake hayaendi kubomoa kwa mwingine.