Meli ya Mabua na Meli ya Kweli

Katika nchi ya Bariadi, mvua zikiisha na pamba ikianza kufunguka, watoto wachungaji hupata nafasi ya kucheza wakati ng'ombe wanapokunywa maji. Wengine huchukua udongo mweusi wa mbuga, wakafinyanga fahali mwenye nundu na pembe ndefu. Wengine hukunja nyaya, wakafanya motokaa, wakazitia magurudumu ya vifuniko vya chupa. Kazi hii si mchezo mtupu. Mtoto afinyangaye fahali hana budi kumtazama fahali vizuri kwanza, na anayetazama vizuri hujifunza.

Lakini kuna kosa moja ambalo huonekana mara nyingi. Mtoto akiisha kufanya fahali mzuri, humfanyia na mchungaji. Na mchungaji huyo huwa mrefu kuliko fahali mara mbili. Fahali peke yake ni mzuri. Mchungaji peke yake ni mzuri. Wakiwekwa pamoja, ni uongo, kwa maana hapana mtu wa namna hiyo duniani. Kilichokosekana ni kipimo.

Kipimo ni nini?

Kila mwanafunzi aliyesoma ramani amekwisha kuona kipimo. Ramani ikiandikwa 1:100, maana yake ni kwamba sentimita moja ya karatasi ni sentimita 100, yaani mita moja, ya nchi yenyewe. Sanamu ya kuiga hufuata sheria hiyo hiyo. Ukichagua kipimo cha 1:100, basi kila kitu katika kazi yako kigawanywe kwa 100: urefu, upana, mlango, dirisha, hata mtu asimamaye mlangoni. Kimoja kikikosa kugawanywa sawasawa, macho ya mtazamaji yatajua, ingawa ulimi wake hautaweza kusema kosa liko wapi.

Masanduku ya vipande

Wako watu wazima katika Uingereza, Japani, Marekani na nchi nyingine nyingi, ambao mapumziko yao ni kuunda sanamu ndogo za vyombo vya vita: ndege, vifaru, manowari na mizinga. Hununua sanduku lenye vipande vingi vya plastiki, kila kipande na namba yake, pamoja na karatasi ionyeshayo kipi kitangulie na kipi kifuate. Kampuni ya Airfix ya Uingereza ilitoa ndege yake ya kwanza ya namna hii mwaka 1953, nayo ilikuwa Spitfire, kwa kipimo cha 1:72. Hata leo masanduku mapya hutolewa kila mwaka, na pamoja nayo vitabu vya picha na michoro, ili mjenzi ajue rangi na umbo la kitu chenyewe.

Mtu aweza kuuliza, kwa nini 72, wala si 70 au 100? Sababu yake ni vipimo vya Kiingereza. Futi moja ina inchi 12, na mtu mrefu ana futi 6, yaani inchi 72. Kwa kipimo cha 1:72 mtu huyo huwa na urefu wa inchi moja kamili. Mabawa ya Spitfire, toka ncha hata ncha, yalikuwa futi 36 na inchi 10. Katika sanamu huwa inchi 6 na kidogo.

Kipimo cha 1:35, ambacho hutumika sana kwa vifaru, kilizaliwa kwa njia nyingine. Mwaka 1961 kampuni ya Tamiya ya Japani iliunda sanamu ya kifaru cha Kijerumani kiitwacho Panther. Ukubwa wake ulichaguliwa ili mota na betri ziweze kuingia tumboni mwake. Baadaye watu walipopima, wakakuta kwamba ni kama 1:35, na wengine wakafuata kipimo hicho. Hivyo betri ndogo ziliwaamulia mafundi wa dunia nzima.

Sanamu kazini

Usidhani kwamba sanamu hizi ni za kupamba meza tu. Katika Vita Kuu ya Pili, askari wa mizinga walikuwa na muda mfupi sana wa kuamua kama ndege ijayo ni ya adui au ya rafiki. Akikosea, humwua mwenzake, au humwacha adui apite. Kwa hiyo mwaka 1942 serikali ya Marekani iliziomba shule za nchi ile zichonge sanamu 500,000 za ndege kwa mbao, kwa kipimo cha 1:72. Wanafunzi wakachonga na kupaka rangi nyeusi, na askari wakafundishwa kwa sanamu hizo.

Fikiri sababu ya kuchagua kipimo. Sanamu ya 1:72 ikiwekwa mbali hatua 10, huonekana kama ndege yenyewe iliyo mbali hatua 720. Lakini kama mwanafunzi amechonga bawa fupi mno, askari atafundishwa uongo, na uongo huo atakwenda nao vitani. Ndiyo maana sanamu zile zilikaguliwa kwanza kabla ya kupokewa.

Sanamu yaweza pia kuwa silaha ya kudanganya. Mwezi wa Juni 1916 mashua za vita za Kiingereza zilifika mbele ya ngome ya Wajerumani ya Bismarckburg, ambayo sasa ni Kasanga, kusini mwa Ziwa Tanganyika. Mkuu wao aliona midomo ya mizinga juu ya ukuta, akaogopa kuikaribia. Usiku ule Wajerumani wakatoka, wakaenda zao kwa njia ya maji. Ngome ilipotwaliwa, mizinga ile ilionekana kuwa ya mbao.

Meli iliyokuja ndani ya masanduku

Katika ziwa hilo hilo kuna habari ya sanduku la vipande kubwa kuliko yote ambayo mtoto aweza kuyafikiri. Mwaka 1913 mafundi wa mji wa Papenburg, Ujerumani, waliunda meli yenye urefu wa mita 71 hivi na upana wa mita 10. Walipokwisha kuiunda waliifumua tena, wakatia vipande vyake katika masanduku yapata 5,000. Masanduku hayo yakapakiwa melini mpaka Dar es Salaam, kisha yakapandishwa gari la moshi kwenda Kigoma, ambako reli ilifika mwaka 1914.

Huko Kigoma fundi Anton Rüter na wenzake wawili Wajerumani, pamoja na mafundi Wahindi na vibarua wengi Waafrika, waliiunganisha upya. Bamba liliwekwa juu ya bamba, na kila mahali wakapiga ribiti, yaani misumari minene ya chuma inayopondwa kichwa ikiwa ya moto. Tarehe 5 Februari 1915 meli ikashushwa majini. Ikaitwa Graf von Götzen, kwa jina la mtu aliyekuwa gavana wa Kijerumani katika nchi hii.

Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imekwisha kuanza. Mwezi wa Julai 1915 manowari ya Kijerumani Königsberg iliharibiwa katika mlango wa mto Rufiji, lakini mizinga yake kumi iliopolewa. Mmoja ulipelekwa Kigoma ukafungwa juu ya Götzen. Mwaka uliofuata mzinga huo uliondolewa. Na adui walipokaribia, mwezi wa Julai 1916, Wajerumani waliizamisha meli yao wenyewe. Lakini mafundi waliipenda kazi ya mikono yao: kwanza walipaka mitambo mafuta mazito ili isile kutu. Mwaka 1924 Waingereza waliiopoa, wakaona kwamba mitambo yafaa kutumika tena. Mwaka 1927 ilirudi kazini kwa jina la Liemba, ambalo ni jina la zamani la ziwa lenyewe. Katika miaka ya 1970 mitambo ya mvuke iliondolewa, ikawekwa ya dizeli.

Wanafunzi wa Bariadi

Wanafunzi wawili wa shule moja ya Bariadi walisomewa habari hii, wakaazimu kuiunda meli ile kwa kipimo cha 1:100. Walikusanya mabua ya mtama, maboksi ya karatasi na bati la kopo. Gundi yao ilikuwa uji mzito wa muhogo. Walipima urefu sentimita 71 na upana sentimita 10. Mdogo wao alifanya mzinga kwa bati kwa muda wa siku nne, maana tundu lake lilikuwa kazi ngumu: mzinga wa Königsberg ulikuwa na mdomo wa sentimita 10 na nusu, na katika sanamu ni milimita moja tu. Mkubwa alipaka rangi, akaandika ubavuni kwa herufi nzuri: LIEMBA.

Mwalimu alipoitazama alisifu vipimo. Kisha akauliza, "Wanangu, meli hii ni ya mwaka gani?"

Wakanyamaza. Mkubwa akasema, "Mwalimu, ni meli ile ile."

"Ndiyo, ni ile ile. Lakini ilipokuwa na mzinga haikuitwa Liemba, na ilipoitwa Liemba haikuwa na mzinga. Sanamu yenu ni meli ambayo haikupata kuelea hata siku moja. Ng'ombe wa baba yako alikuwa ndama, kisha akawa mtamba, kisha akazaa. Je, waweza kumfinyanga akiwa yote matatu pamoja?"

Mdogo akaushika mzinga wake kwa vidole viwili, kama mtu anayeogopa kunyang'anywa. Mkubwa alipomwona alichukua kisu, akaikwangua LIEMBA herufi moja baada ya nyingine, akaandika jina la kwanza. Hivyo meli yao ikawa ya mwaka 1915.

Jioni waliichukua nyumbani, wakaiweka chini ya kivuli karibu na boma la minyaa. Babu yao akaja akiegemea fimbo yake.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, wajukuu zangu. Hiki ni chombo gani?"

Wakamweleza yote: Papenburg, masanduku 5,000, reli, vita. Mzee akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Ni kikubwa kama nyumba yangu?"

"Ni kikubwa zaidi, Babu!"

"Mimi sioni ukubwa wake. Naona mabua. Na walioyabeba masanduku hayo na kuponda misumari hiyo wako wapi?"

"Kitabu kimewataja Wajerumani watatu, Babu."

"Watatu? Watatu hawainui hata ubavu mmoja wa chombo hiki. Baba zetu walichukuliwa katika vita ile kubeba mizigo, na wengi hawakurudi. Mji wa Dar es Salaam una soko la Kariakoo, nalo lina jina lile la jeshi la wapagazi. Jina la jeshi limebaki. Majina ya watu yako wapi?"

Usiku ule wale wawili walikaa karibu na taa. Mtu wa kimo cha mita 1.7, kwa kipimo cha 1:100, huwa na sentimita 1.7. Wakakata njiti za kiberiti kwa urefu huo, moja baada ya moja, wakazipaka rangi. Wengine wakawekwa juu ya sitaha, wengine kando ya meli, na wengine chini ya sanduku dogo la karatasi wakilibeba.

Asubuhi walipoitazama, kwa mara ya kwanza meli ilikuwa kubwa. Ubavu wake ulisimama kama ukuta juu ya watu wale wadogo. Mwalimu aliwauliza kwa nini wameweka watu arobaini. Wakajibu kwamba hawakuijua idadi ya kweli, bali njiti zao zilikuwa zimekwisha. Mwalimu akawaambia wasiandike hesabu wasiyoijua. Basi wakaandika kibao hiki, wakakisimamisha mbele ya meli:

"Graf von Götzen, Kigoma, 1915. Kipimo 1:100. Hawa ni baadhi ya walioijenga. Majina yao hatukuyapata kitabuni."

Maswali

1. Kwa nini fahali mzuri na mchungaji mzuri waweza kuwa uongo wakiwekwa pamoja?
2. Manowari Königsberg ilikuwa na urefu wa mita 115 hivi. Kwa kipimo cha 1:350, sanamu yake itakuwa na sentimita ngapi?
3. Wanafunzi wa Marekani walifanya nini mwaka 1942, na kosa lao lingeweza kuleta hatari gani?
4. Mwalimu aliona kosa gani katika meli ya mabua? Lilisahihishwaje?
5. Babu aliona upungufu gani ambao mwalimu hakuuona?
6. Pima nyumba ya darasa lenu, uichore kwa kipimo cha 1:100. Usisahau kuchora mtu mmoja mlangoni.